Kabla Hujaifuta Diski

Kariakoo, kompyuta ikigoma kuwaka, dawa inayotajwa kwanza ni moja: futa diski, piga Windows upya. Nimekuwa fundi wa kompyuta tangu enzi za Windows XP, na dawa hiyo sijawahi kuipenda. Kwenye diski inayofutwa mna hesabu za duka la mtu, alama za wanafunzi, picha za mzazi aliyekwisha kufariki.

Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti yake: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine nyingi zinazofika mezani kwangu ni za mtumba, za kizazi cha nne au cha tano. Wateja waliitaka Windows 11 hivyohivyo, hasa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuuruka ukaguzi wa masharti hayo ni rahisi, kwani programu ya Rufus huandaa flashi isiyouliza habari za TPM. Ugumu huja mashine inapojiwasha tena, ikadai haioni diski ya kubutia.

Mimi hufungua BIOS kwanza, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Windows iliyopigwa kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa GPT huamka kwa njia ya UEFI tu. Ukiiacha BIOS kwenye njia ya zamani, Legacy, utaona skrini nyeusi hata kama kila faili lipo mahali pake. Mpangilio ukiwa sawa na bado inagoma, nawasha kwa flashi, nabonyeza Shift na F10 kufungua dirisha la amri, naingia programu ya diskpart na kutafuta patisheni ndogo ya kuwashia, ya FAT32. Naipa herufi S, kisha naandika bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI. Naandika D kwa sababu ukiwasha kwa flashi herufi za diski huweza kuhama. Fundi anayeng'ang'ania C huambiwa faili halipo, akadhani Windows imeharibika.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu iliyokuwa ikitoa skrini ya bluu kila ilipowashwa tena baada ya kuchomolewa kwenye umeme. Alishaambiwa diski imekufa.

"Fundi, alama za vijana wangu zimo?"

"Subiri kidogo, mwalimu."

Nilipofungua BIOS, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Betri kubwa ilishachoka, na ile ndogo ya CR2032 inayotunza mipangilio imekwisha. Kila umeme ulipotoka, BIOS ilirudi kuiendesha diski kwa hali ya RAID, wakati Windows ilipigwa kwenye hali ya AHCI. Nikaweka betri mpya na kurudisha AHCI. Ikaamka, na alama zote zimo. Mwalimu alikaa kimya, kisha akanishika mkono.

Zipo mashine zisizotibika. Toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, linadai amri za SSE4.2 na POPCNT ndani ya prosesa, na Core 2 Duo haina POPCNT. Hakuna mpangilio wala programu ya kuziba pengo hilo. Hizo nazipiga Linux Mint, na mwenye mashine namweleza sababu waziwazi.

Nawe ukipeleka kompyuta yako kwa fundi, usimruhusu aifute kabla hajafungua BIOS na kunakili faili zako.