Mbuzi wa Chausiku Aenda Dar es Salaam

Nilivuka Mto Pangani kwa pantoni ya alfajiri, mswada ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya mkoba, na mkoba nimeukumbatia kifuani. Nilikuwa na miaka 34, mwalimu wa darasa la pili upande wa Bweni, na sikuwahi kufika Dar es Salaam. Tanga nilikwenda mara nyingi, Muheza pia, kwa ndugu na kwa machungwa. Dar niliijua kwa redio na kwa masimulizi ya shangazi. Safari hii nilikuwa nakwenda kupanga namna ya kutoa kitabu.

Kitabu chenyewe kilizaliwa palepale kwenye pantoni. Wakati ule daraja jipya la mita 525 lilikuwa linajengwa, na likishafunguliwa, watoto watakaozaliwa Bweni watavuka bila kusimama kati ya pikipiki, matenga ya samaki na mbuzi wa watu. Nalifurahia daraja hilo kwa moyo wote. Nimeona mama mjamzito akisubiri usiku avushwe. Lakini nilitaka pantoni ibaki mahali fulani, na mahali hapo pawe mikononi mwa mtoto anayejifunza kusoma. Nikaandika hadithi ya Chausiku, aliyetumwa na bibi yake kupeleka mbuzi ng'ambo, na mbuzi akala tiketi za abiria wote. Maneno 2,300, kurasa 30 za daftari kubwa. Niliihesabu kuwa imekamilika.

Basi lilitoka Tanga, likapita Muheza, Hale, Segera. Njia nzima mkonge umejipanga mistari, kisha unaachia vichaka, kisha Chalinze na moshi wa mishikaki. Sina mengi ya kusimulia kuhusu barabara, maana macho yangu yalikuwa kwenye daftari, nafuta neno, narudisha neno. Tulipoingia Stendi ya Magufuli pale Mbezi jua lilikuwa limeanza kuinama. Kimara nikapanda basi la mwendokasi, nikashuka Magomeni, na shangazi alikuwa amesimama kituoni na kanga yake ya maua ya manjano ili nimwone kwa mbali.

Siku ya kwanza niliipotezea Kariakoo. Kijana mmoja mwenye kompyuta aliniambia picha si kazi, angezipata zote kwenye intaneti jioni ileile, nikampa kianzio. Akanionyesha mtoto mwenye nywele za dhahabu amebeba mwanakondoo, nyuma yake mlima wenye theluji. Nilipomwambia hapo panatakiwa kuwa mto wenye mikoko, akasema watoto hawaangalii nyuma. Nilitoka bila kudai hela yangu. Watoto huangalia nyuma. Nimekaa nao miaka kumi, najua: mtoto wa miaka saba akipewa picha huanza pembeni, kwenye kuku mdogo ambaye mtu mzima hakumwona.

Kesho yake shangazi alinielekeza Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, kwenye vibanda vya wachoraji wa Tingatinga. Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka kupaona. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, kabla ya kuja mjini, aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kwetu Tanga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora juu ya vipande vya ubao kwa rangi ya kupakia baiskeli, wanyama wenye macho makubwa na madoa yanayong'aa. Alifariki 1972, na watu wanachora njia yake mpaka leo. John Kilaka alitoka katika njia hiyo, akaandika na kuchora ngano za wanyama mwenyewe, na vitabu vyake vikachapishwa Uswisi na kutafsiriwa katika lugha kadhaa. Kwangu hilo lilikuwa na maana moja tu: sungura aliyechorwa na mkono wa hapa anaeleweka kokote.

Pale nilitambulishwa kwa dada mmoja ambaye amekuwa akichora vitabu vya watoto. Akaniandalia kigoda, akaosha brashi, akasoma mswada wangu wote bila kuinua kichwa. Nilikunywa chai yote niliyopewa nikimtazama vidole. Alipomaliza akarudi ukurasa wa kwanza.

"Mwalimu, hapa umeandika mbuzi ni mweupe, ana doa jeusi sikioni, na kamba yake imefungwa mafundo mawili. Mimi nikishachora hayo, wewe utabaki na nini cha kusema?"

Sikuwa na jibu. Akachukua penseli, akachora mbuzi kwenye pembe ya gazeti: mweupe, doa sikioni, mafundo mawili. Sekunde kumi na tano hivi. Kisha akaweka kidole juu ya aya yangu ya maneno 60 na kuniangalia. Nikaikata. Tukaendelea hivyo hadi adhuhuri. Kila kilichoonekana tulimwachia yeye: rangi, nguo, nani amesimama wapi, mvua ipo au haipo. Nilichobaki nacho mimi ni kile ambacho penseli haifiki: sauti ya bibi, jina la mbuzi, alichokiogopa Chausiku. Yalibaki maneno 380. Yaliniuma, sitaficha, lakini niliposoma kwa sauti nilisikia hadithi imesimama kwa miguu yake.

Halafu tukaongea habari ya kufunua ukurasa. Katika hadithi yangu kondakta anauliza tiketi ziko wapi, na sentensi inayofuata inasema mbuzi anazitafuna. Dada akasema hapana, swali liwekwe ukurasa wa kulia, chini kabisa, na mbuzi awekwe nyuma yake, ili mtoto afunue kwa mkono wake mwenyewe na kumkuta ana kona ya karatasi mdomoni. Nilifundisha kusoma miaka yote hiyo bila kufikiri kwamba kufunua ukurasa nako ni sehemu ya kusimulia.

Tulikubaliana pia mambo ya karatasi na sahihi. Picha ni mali ya aliyezichora mpaka aandike vinginevyo. Ndivyo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inavyomlinda yeye na inavyonilinda mimi kwa maneno yangu. Tuliandika ukurasa mmoja tu: malipo kwa awamu tatu, jina lake kwenye jalada kwa ukubwa uleule wa jina langu, na kitabu kikichapwa tena, naye alipwe tena.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye kiwanda cha uchapaji, Barabara ya Nyerere. Mlangoni ulinipokea mdundo wa mashine, na harufu ya wino na mafuta ya taa. Fundi mkuu alikuwa mzee mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine umening'inia shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kurasa ngapi?"

Hakuniuliza kitabu kinahusu nini. Nikamwambia 30. Akatikisa kichwa, akasema kwa kitabu cha kubana kwa pini kwenye mashine yake 30 haipo. Ipo 16, ipo 24, ipo 32. Nikauliza kwa nini. Akachukua karatasi nyeupe ya A4, akaikunja katikati, akaikunja tena, akaikunja mara ya tatu. Akanipa kalamu. "Andika namba za kurasa. Usiifungue."

Nikawa nafunua kona kwa ukucha na kuandika, 1, 2, 3, mpaka 16. "Sasa ifungue."

Nilidhani nimekosea. Ukurasa wa 1 ulikuwa bega kwa bega na wa 16. Juu yake ulikaa wa 8, umegeuka kichwa chini, na jirani yake wa 9. Wa 4 na wa 13 zilikuwa pamoja, wa 5 na wa 12. Mimi ni mtu wa kufundisha kujumlisha, macho yakajumlisha yenyewe: kila jozi ilileta 17. Nikageuza upande wa pili: 2 na 15, 3 na 14, 6 na 11, 7 na 10. Zote 17. Mzee akacheka kwa furaha kama mtu aliyeonyesha mjukuu kiota cha ndege. Karatasi kubwa inayoingia mashineni, akasema, ndivyo inavyobeba kurasa 16, nane upande huu na nane ule. Baadaye hukunjwa, hukatwa, na namba hurudi kwenye mstari. Kwa maneno 380 yaliyobaki, kitabu changu kingekuwa cha kurasa 24, karatasi moja na nusu, na jalada lake peke yake.

Akanipeleka kwenye meza ya taa, akaweka kioo cha kukuzia juu ya picha ya bahari iliyotoka kuchapwa. Bahari ikatoweka. Palikuwa na vitone tu, vya samawati, vya majenta, vya njano na vyeusi, vimepangana kama mtama kwenye ungo. Rangi hizo nne ndizo zote, na kila moja ina pleti yake, bamba la kuichapa. Upande mmoja wa karatasi unahitaji pleti nne, pande mbili nane, kabla nakala hata moja haijatoka. Ukitaka nakala 500 ni pleti hizo, ukitaka 5,000 ni hizohizo. Ndipo nikaelewa kwa nini bei aliyonitajia ya nakala 500 ilizidi kwa mbali nusu ya bei ya 1,000. Na karatasi laini ya gramu 130 inayofaa picha hutoka nje kwa meli, kwa hiyo bei yake haikai mahali pamoja.

Hapo moyo uliniingia ubaridi. Mzee aliona. Akanikumbusha Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza hapa nchini 1991: mchapishaji alikuwa na uhakika kwamba sehemu kubwa ya nakala zitanunuliwa na kupelekwa shuleni, kwa hiyo aliweza kuchapa nyingi na kuuza zilizobaki kwa bei ya chini. Vitabu vya namna hiyo ndivyo vilivyonifundisha mimi kupenda kusoma. "Tafuta wanunuzi kabla ya karatasi," akasema. Jioni ile nikiwa kibarazani kwa shangazi niliandika orodha ya shule za kata yetu, misikiti, kanisa, chama cha wavuvi, na Wapangani wote ninaowajua walioko mjini.

Nilirudi kwa dada siku ya nne na karatasi yangu iliyokunjwa. Tukatengeneza dami: karatasi sita za A4 zilizokunjwa kati, pini mbili mgongoni, kurasa 24, picha kwa penseli, maneno kwa mkono. Tulibishana juu ya herufi. Yeye alipenda herufi ya vitabu vya watu wazima. Mimi nikakataa, kwa sababu "a" yake ina kofia juu, na watoto wangu wanaandika "a" ya duara na mkia. Nikaomba pia neno lisikatwe mwisho wa mstari. Kiswahili chetu kinabeba sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja. "Alipomkimbilia" ni silabi nane, na mtoto anayezipanda kama ngazi akikuta kistari katikati ataanguka. Tukaandika "Chausiku akakimbia".

Kisha tukahesabu kurudi nyuma. Kitabu kiwe shuleni Januari, shule zinapofunguliwa. Kabla yake kukunja na kubana, kabla yake kuchapa, kabla yake prufu ya rangi isomwe na macho manne, kabla yake kupanga kurasa, na kabla ya yote picha 22, ambazo dada alisema hazitakamilika chini ya miezi mitatu. Tulikuwa Juni. Ilitosha kwa shida.

Kulipokucha, kabla ya basi, nilipita Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kuuliza utaratibu wa namba ya kitabu. Nikatazama rafu, migongo na migongo, nikachomoa kimoja: nyuma ya jalada namba ilianza na 978, kisha 9987 ya Tanzania. Nikakirudisha, nikatoka.

Nilifika Pangani usiku, nikalala kwa ndugu, nikavuka asubuhi. Kwenye pantoni nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja na babake, mvuvi. Sikuweza kusubiri. Nikatoa dami, tukaegemea ukingo wa chuma, nikasoma huku yeye akifunua. Pale kwenye swali la kondakta mkono wake ulikuwa umeshashika kona ya ukurasa kabla sijamaliza. Akacheka mpaka abiria wakageuka. Akarudisha nyuma, akafunua tena.

Kisha akanyamaza. Alikuwa ameweka kidole pembeni kabisa ya picha, mbali na mbuzi, mbali na Chausiku, kwenye ngalawa ndogo inayopita nyuma.

"Mwalimu, hii itapinduka."

Babake akainama kutazama. "Kweli. Haina marengu ya kuishikilia."

Mimi niliyeipitia picha ile mara ishirini sikuwa nimeona. Nikapiga simu palepale, mashine ya pantoni ikinguruma, sikio moja nimeliziba kwa kiganja.

"Ngoja, Mwalimu," dada akasema, "nichukue penseli. Hayo marengu yanakaa umbali gani kutoka ubavuni?"

Nikampa simu mvuvi.