Upepo wa Milango Miwili

Kijana wa Ifakara akienda Uingereza hatarajii kukuta kihenge. Mimi nilikikuta. Ilikuwa mwaka 1996, nimekwenda Wiltshire kufanya kibarua cha mavuno, na asubuhi ya kwanza tu nikaona uani mwa shamba chumba cha mbao kimesimama juu ya mawe tisa yenye umbo la uyoga. Ghala la nafaka. Panya akiparamia jiwe hukutana na ile kofia pana, akashindwa kuivuka. Nikamkumbuka bibi na kihenge chake, miguu imevishwa vipande vya bati kwa sababu hiyo hiyo. Nilipomweleza mzee mwenye shamba, alifurahi mno. Akanitembeza jengo hadi jengo, chai yetu ikapoa mezani.

Ua ulielekea kusini. Ghala kubwa la kupuria lilikaa kaskazini likikinga upepo wa baridi, na mabanda ya ng'ombe yalishika pande mbili ili mifugo ipate jua kidogo. Zamani ng'ombe walishinda hapo majira yote ya baridi, wakilalia mabua ya ngano yaliyotoka ghalani, wakiyakanyaga mpaka yanakuwa samadi. Samadi ikarudi shambani kuotesha ngano nyingine.

Lakini ni lile ghala lililoniteka moyo. Nguzo na mihimili yake ilikuwa ya mwaloni, imeshikwa kwa vigingi vya mbao, na kwenye kila kiungo fundi alikuwa amechora namba ya Kirumi kwa patasi. Mbao zilikatwa na kuunganishwa kwanza chini, zikatiwa namba, zikafumuliwa, kisha zikasimamishwa upya mahali pake. Nilipitisha kidole kwenye namba nne: mistari minne, mmoja umeteleza kidogo, kana kwamba mkono ulikuwa umechoka. Juu, karibu na kilele cha paa, paliachwa tundu la bundi. Kwetu bundi akitua juu ya nyumba watu hawalali. Hawa walimwachia mlango, maana aliwala panya.

Katikati palikuwa na sakafu ya mbao, na kila upande wake mlango mkubwa, yote miwili ikitazamana. Hapo vibarua walipura ngano kipindi chote cha baridi kwa vijiti viwili vilivyounganishwa kwa ngozi. Wakimaliza, walifungua milango yote, upepo ukapita, wakairusha nafaka juu: makapi yakapeperuka, ngano ikaanguka miguuni. Mama yangu alifanya vivyo hivyo kwa ungo, kando ya shamba la mpunga. Tofauti ni kwamba yeye aliungoja upepo, na hawa waliujengea njia.

Mskoti Andrew Meikle alibuni mashine ya kupura mwaka 1786. Mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa England, wa Wiltshire wakiwamo, walizivunja mashine hizo, kwa kuwa kupura ndiko kulikowalisha wakati wa baridi. Nawaelewa kabisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaenea mashine zinazovuna na kupura kwa mpigo mmoja humo humo shambani, na kubwa kiasi cha kutopita kwenye ile milango. Mwaka ule wa 1996 ngano tuliyovuna ilipelekwa moja kwa moja kwenye banda jipya la mabati. Ghala la mwaloni lilihifadhi trela bovu na magunia ya mbolea.

Nilirudi miaka michache iliyopita. Mzee alikwisha fariki, na ghala limekuwa nyumba. Sisemi walioligeuza walikosea: jengo lisilo na kazi huvuja, na likivuja huanguka. Mawe ya uyoga yamepangwa langoni kama mapambo. Mama mwenye nyumba alinikaribisha ndani kwa upole, na juu ya jokofu lake nikaiona namba nne yangu, ule mstari bado umeteleza. Alidhani ni mikwaruzo. Nikamweleza, kisha nikasimama pale ilipokuwa sakafu, nikamwonyesha kwa mikono jinsi ngano ilivyorushwa. Milango yote miwili sasa ni vioo, toka chini hadi juu. Akataka tuusikie huo upepo. Akasukuma kioo cha kusini, kikafunguka. Cha kaskazini hakikuwa na bawaba.