Ubao Uleule, Mchezo Mwingine

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ukitaka kusevu mchezo uendelee kesho, utadhani kazi ni kuhesabu tu: shimo hili kete ngapi, mkononi zimebaki ngapi, zamu ya nani. Mstari mmoja wa maandishi kwenye faili, basi, unazima simu unalala.

Naandika programu ya bao kwa ajili ya mjomba wangu na mwenzake wa barazani, aliyehamia kwa mwanawe Maskati. Mchezo mmoja wazee hawa huuvuta siku tatu. Na wacheza bao mnawajua: kete moja ikienda kombo, urafiki wa miaka arobaini unaingia mashakani.

Ndiyo maana majaribio yalitangulia mapambo. Jaribio linalomjia kila mtu ni hili: sevu, fungua, linganisha. Hata hapo kuna mitego. Katika Python, ukihifadhi kwa JSON kamusi yenye mashimo yaliyopewa namba, shimo 5 linarudi likiwa maandishi "5". Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni viwili.

Lakini mtego mkubwa ni nyumba. Shimo hilo huanza na kete 6 na lina heshima yake: wakati wa kunamua, mtaji wako ukiishia pale, unaweza kulala au kusafiri. Ukishasafiri, heshima imekwisha. Kete zinaweza kujaa tena pale, hata kumi. Ni shimo tu. Ubao hauonyeshi hilo. Wazee wanakumbuka, faili halikumbuki mpaka liambiwe.

Kwa hiyo silinganishi ubao peke yake. Nasevu baada ya kila zamu, nafungua nakala, kisha mchezo halisi na nakala yake navichezesha hatua zilezile hadi mwisho. Kila hatua inayoruhusiwa huku lazima iruhusiwe kule. Ikitokea nakala inampa mtu ruhusa ya kulala kwenye nyumba iliyokwishavunjika, basi kilichorudi ni kete, mchezo umepotea njiani.

Mjomba nilipomweleza haya hakushangazwa na JSON wala Python. Aliuliza moja tu: "Hilo faili lako linajua kuwa nyumba ya yule bwana ilivunjika juzi?"

Linajua, mjomba. Nimelijaribu kwa kila zamu.

"Haya, mwambie zamu yake."