Panya walikula mbegu zangu

Wamama wenzangu, mwaka jana mwezi wa nane nilifungua mfuko wa maharagwe niliyoweka kwa mbegu. Chini ulikuwa na tundu. Maganda na mavi ya panya yalikuwa mengi kuliko maharagwe. Kwetu Kavumu mvua ya Septemba haingojei mtu: nilikopa mbegu kwa jirani, nikamrudishia kwa nyongeza wakati wa mavuno.

Kwa hasira nilinunua sumu sokoni, ile ya punje nyekundu isiyo na maandishi yoyote. Niliichanganya na unga wa mahindi, nikaiweka nyuma ya kitanda. Asubuhi nilimkuta mtoto wangu wa miaka miwili ameketi hapo, ameijaza mkononi. Alikuwa bado hajaitia kinywani. Nilimnawisha mikono huku nikitetemeka. Siku hiyo sumu ilitoka nyumbani mwangu, na haijarudi.

Mama mkwe akaniambia: "Mwanangu, unaua wageni na mlango unauacha wazi. Kesho watakuja wengine." Ni kweli. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu, na huzaa watoto watano, sita au zaidi.

Jioni tulinyunyiza unga kidogo kando ya kuta. Asubuhi alama za miguu zilituonyesha njia zao: chini ya mlango, kwenye kona ya jikoni, na juu, pale ukuta unapokutana na mabati. Shikeni kipimo hiki: tundu ambalo kalamu inapita, panya mdogo anapita. Kidole gumba kikipita, mkubwa naye anaweza kupita.

Kwanza nilikosea, niliziba kwa udongo mtupu. Usiku wa pili walikuwa wamechimba tena. Ndipo tukajaza mawe madogo na waya wa kusugulia sufuria, halafu tukapaka simenti juu. Chini ya mlango mume wangu alipigilia kipande cha bati. Kuni zilizoegemea ukuta tulizisogeza mbali, na majani ya pembeni tukayakata.

Mbegu za mwaka huu nilizianika juani hadi zikauka kabisa, nikazitia katika bidoni ya litre 20 na kufunga kifuniko vizuri. Hata wadudu wa maharagwe hukosa hewa humo. Unga nao unafunikwa, na sahani hazilali chafu.

Jambo moja zaidi: msifagie mavi ya panya yakiwa makavu. Mwagieni kwanza maji yenye javeli, mngoje kidogo, kisha mpanguse kwa kitambaa, maana mavi na mkojo wao huleta magonjwa. Chakula walichotafuna kitupwe, hata kama kinauma moyo.

Sisemi panya wamekwisha. Mashamba yapo, nao watakuwepo. Lakini mbegu zangu ziko salama, sina deni kwa jirani. Na wewe mama mwenye sumu nyuma ya kitanda, nenda uitoe leo, kabla mtoto hajaifikia.