Mtoto na Mzigo

Mtu anunuapo motokaa hudhani kwamba ananunua kitu kimoja. Kwa kweli hununua vitatu: heshima machoni pa watu, nafasi ya mizigo, na usalama wa wale atakaowapakia. Heshima huonekana siku ya kununua. Nafasi huonekana siku ya safari. Usalama hauonekani mpaka siku ya msiba. Kwa hiyo wanunuzi wengi hulipa fedha nyingi kwa kitu cha kwanza, kidogo kwa cha pili, na cha tatu hukiachia bahati. Bahati ni mlinzi asiye na mshahara, na mlinzi wa namna hiyo hulala apendapo.

Bwana mmoja wa Dar es Salaam, mwenye mke na watoto watatu, alifundishwa jambo hili na njia. Alikuwa na motokaa ndogo ya watu watano. Ilimfaa kwa kwenda kazini na kurudi, na mara mbili kila mwaka ilimpeleka Muheza kumwamkia mama yake. Muheza ni nchi ya machungwa, na mtu hatoki kwa mama yake mikono mitupu. Siku ya kuondoka alipakiliwa tenga la machungwa, gunia la nazi, dumu la mafuta na kuku wawili. Mzigo wa mama kwa mwanawe si mzigo. Ni salamu zilizofungwa kwa kamba. Kuukataa ni kumkataa aliyeutoa.

Safari hiyo mama mwenyewe alikuwa akija mjini. Watu sita wakaingia katika motokaa ya watu watano. Buti lilijaa, na vilivyobaki vikaingia ndani pamoja na watu: gunia chini ya miguu, tenga juu ya kiti, baina ya mtoto wa miaka saba na mdogo wake wa miaka minne. Kitinda mimba, aliyekuwa na umri wa miezi minane, alipakatwa na mama yake. Hakuna aliyeona kosa, maana ndivyo watu wasafirivyo.

Walipokwisha kupita Segera, mbuzi walikatiza barabara. Bwana alikanyaga breki. Motokaa ilisimama, lakini vilivyokuwamo havikusimama. Tenga lilipinduka juu ya mtoto wa miaka minne. Dumu lilipiga mgongo wa kiti cha bibi. Na mtoto mchanga alichomoka mikononi mwa mama yake, akagonga kichwa kwenye kiti cha mbele. Alipookotwa alikuwa akilia, na kilio kile kilikuwa habari njema kuliko zote walizopata siku ile. Uvimbe wa kadiri ya ndimu ulikaa katika paji lake kwa juma zima. Mama yake aliutazama kila asubuhi, na kila asubuhi alijiuliza swali moja: mikono yake ilikosa nini?

Mikono haikukosa upendo. Ilikosa nguvu ambazo hakuna binadamu aliyepewa. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa, ikigonga kitu na kusimama katika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, humfanya kila aliyemo avutwe mbele kwa nguvu ipatayo mara 28 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 huwa kama kilo 280. Nani awezaye kupakata kilo 280? Na hesabu hiyo hiyo huhukumu mizigo: gunia la kilo 25 lisilofungwa huja mbele kama kilo 700. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ya kugongana, hata kanda la usufi huwa jiwe. Breki ya Segera ilikuwa mfano mdogo tu wa mambo haya; ilionya, haikuadhibu.

Mume na mke wakaazimia kuuza motokaa ile na kutafuta nyingine. Hapo ndipo mioyo yao ilipoachana njia. Bwana alitamani Toyota Harrier, motokaa ndefu ya kimo, yenye kung'aa, ambayo mwenyewe akishuka watu huuliza ni nani huyu. Mkewe hakutamani jina lolote. Alichukua futi ya fundi cherehani, akaitia mkobani, akasema, ‘Baba Watoto, mimi sijui motokaa. Najua watoto wangu wana upana gani.’

Kabla ya kwenda kutazama magari alitafuta maarifa. Alisoma kwamba mkanda wa pointi tatu, upitao begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi wa Uswidi, Nils Bohlin. Na kwamba katika miaka ya 1960 daktari wa nchi hiyo hiyo, Bertil Aldman, alitengeneza kiti cha mtoto kinachoelekea nyuma. Aldman alikuwa amewaona wasafiri wa anga wakirushwa hali wamelala chali, ili nguvu ya mwendo ienee mgongoni mwao kote. Mtoto mchanga ana haja hiyo zaidi ya msafiri wa anga, kwa kuwa kichwa chake ni robo ya urefu wake, na shingo yake haijakomaa. Akielekea mbele, kichwa hutupwa na shingo huachwa ikivuta. Akielekea nyuma, kiti humpokea mzima mzima. Kwa sababu hiyo kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, humtaka mtoto aelekee nyuma mpaka apite miezi 15. Walakini kiti cha namna hiyo hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko uliotengenezwa kumwokoa mtu mzima ukifumka huweza kumuua mtoto.

Sokoni kulikuwa na viti vya mtumba kwa bei nafuu. Alivipita. Kiti kilichokwisha kupata ajali hakifai tena, hata kama macho hayaoni ufa, na kiti cha mtumba hakisimulii kilikotoka. Alinunua viti vipya viwili vyenye alama ya kanuni, pamoja na kiti cha kuinulia kwa ajili ya mtoto mkubwa, ili mkanda upite begani mwake pasipo kugusa shingo.

Wakaenda katika yadi za magari. Tanzania, kama Japani, huendesha upande wa kushoto, na motokaa nyingi zilizotumika huko huvuka bahari zikaja kuanza maisha ya pili hapa. Dalali aliwapokea kwa maneno matamu. Alimsifia bwana rangi, redio na magurudumu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika yadi vyote viwili husemewa na ulimi mmoja. Mke alifungua mlango wa nyuma wa Harrier, akatia futi yake. ‘Shemeji,’ dalali akacheka, ‘unapima gari au gauni?’

‘Vyote ni mamoja,’ akajibu. ‘Kisichomwenea mwenyewe si chake.’

Kiti kimoja cha mtoto huchukua sentimita kama 44. Vitatu huhitaji 132, na milango haikubali kusongezwa. Tena kiti kinachoelekea nyuma hula urefu, hata kiti cha mbele hulazimika kusogezwa mpaka magoti ya mtu mzima yaguse dashibodi. Akainama akapapasa kiungo cha kiti na mgongo wake, akitafuta vitanzi viwili vya chuma, vilivyoachana sentimita 28, ambavyo viti vingi vya watoto hushikizwa hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mahali pasipo na vitanzi alivuta mkanda mpaka mwisho, aone kama ni wa pointi tatu na kama unafunga.

Kwa kipimo hicho magari yalianza kujiondoa yenyewe. Harrier ilikuwa na viti vitano, na wao walikuwa sita kila mama alipokuja. Probox, mtumwa hodari wa mizigo, ingemeza machungwa yote ya Muheza, lakini nayo ni ya watu watano. Wish ina safu tatu za viti. Walakini safu ya tatu ikisimamishwa, buti hubaki jembamba, na mizigo hurudi kutafuta miguu ya watu. Ikabaki Noah, yenye safu tatu, milango ya kuteleza isiyogonga jirani mahali pembamba, na viti vya mwisho vinavyoinuliwa na kufungwa ubavuni. Upande mmoja ungeweza kumchukua mtoto mkubwa, na upande wa pili kuchukua tenga. Ilikuwa nyeupe, na ubavu wake ulikuwa na kovu. Bwana aliizunguka mara tatu kama mtu anayeaga kitu. Kisha akakumbuka uvimbe wa kadiri ya ndimu, akalipa.

Walifika Muheza kwa motokaa hiyo. Mama alipomwona mjukuu wake amefungwa kwa mikanda, uso wake ulikunjamana. ‘Mwanangu,’ akamwambia mkwewe, ‘mtoto huyu ametenda kosa gani hata afungwe kama mfungwa? Hana mama wa kumpakata?’

Mkwe akapiga magoti, akajibu kwa adabu, ‘Shikamoo, Mama. Wewe ulimfunga baba yake mgongoni kwa mbeleko, ukaenda naye shamba na kisimani. Ulimfunga kwa kosa gani?’

Bibi hakujibu. Alikitazama kiti kile kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na tenga lake la machungwa na kipande cha kamba ya usumba. ‘Basi na hili lifungeni,’ akasema. Likafungwa sakafuni, katika vishikizo vya chuma. Gunia la nazi halikupata mahali pa kufungwa. Nalo, badala ya kupandishwa juu ya keria na kuifanya motokaa iyumbe, lilipelekwa stendi likapakiwa basi. Salamu zilifika Dar es Salaam kwa njia mbili, na hapana iliyopotea.

Hakuna motokaa iliyo pana kama moyo wa mzazi. Kwa hiyo kila motokaa humtaka mzazi achague. Kwanza na apatikane mahali pa mtoto, kisha mahali pa mzigo, kisha heshima ikae panapobaki. Heshima ni abiria mwepesi. Ikikosa kiti huweza kungoja safari nyingine. Mtoto hawezi.