Nyumba Nzuri, Ndani Hamna Kiti

Mhariri aliniandikia Jumanne jioni: nitumie linki ya blogu yako nione unavyoandika.

Sikuwa na blogu. Nilikuwa na domeni niliyolipia mwaka mzima, WordPress tupu, na orodha ndefu ya thimu nilizokuwa nikilinganisha tangu mwezi uliopita. Thimu ndilo vazi la tovuti: rangi, herufi, mahali picha inakaa. Kila siku nilijiambia nikipata inayonifaa, nitaanza kuandika.

Niliyoitamani ilikuwa ya kulipia kwa dola, na dola sina. Jamaa mmoja wa WhatsApp akaniuzia hiyo hiyo kwa mia mbili. "Original kabisa, bro." Nikapakia zipu, ikakataa: eti style.css haipo. Nilipigana nayo hadi saa sita usiku. Kumbe hiyo zipu ilikuwa kifurushi kizima, maelezo na makorokoro yote, na thimu yenyewe ilikuwa zipu nyingine ndogo imelala ndani. Nikapakia hiyo ndogo. Ikaingia.

Kwenye maonyesho yao kulikuwa na bahari, kahawa, na mwanamke anayecheka na laptopu. Kwangu yakatokea masanduku matupu na ile posti ya "Hello world!" ambayo WordPress humwekea kila mtu. Sanduku moja lilisema Elimu: chuo, shahada, mwaka wa kuhitimu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Hilo sanduku ningeweza kulifuta. Badala yake nikajaza jina la chuo, kozi, na mwaka ambao ningemaliza. Likapendeza, wacha nikwambie. Nikalala nimeliacha hivyo.

Asubuhi nikamtumia dadangu linki aniangalizie kwa simu. Akanipigia anacheka. "Kwani siku hizi unauza mambo ya kubet?" Thimu za wizi huja na msimbo uliofichwa, kila aliyefungua kwangu alirushwa kwa tovuti ya kamari. Afadhali ilikuwa yeye, si mhariri.

Kufuta thimu pekee hakutoshi, maana uchafu unaweza kubaki kwenye mafaili mengine. Nikafuta kila kitu, nikaanza WordPress upya. Hasara ilikuwa "Hello world!" na shahada yangu.

Mara hii nikachukua Twenty Twenty-Four, inayotolewa bure na WordPress yenyewe. Nikapunguza ukurasa wa mbele ukabaki kichwa na maandishi, hakuna picha kubwa ya kumalizia mtu bando. Lakini sasa weupe wote ule ulionyesha wazi kwamba sina kitu. Ikabidi nitoe makala tatu zilizokuwa zimeoza kwenye noti za simu, nizisafishe, niziweke. Kwenye Kuhusu Mimi nikaandika sentensi mbili, moja ikiwa ya kuacha chuo.

Nilituma Jumatano usiku. Ijumaa mhariri akauliza kama ile ya karo ina sehemu ya pili.

Nikasema ipo. Ndiyo naiandika sasa.