Kazi Ina Haki Yake, na Nyumba Ina Yake

Dada zetu, na maharusi wetu wa Shaaban,

Sisi tunaopaka hina na kupamba maharusi hapa Unguja tunaujua mwezi huu. Kila mtu anataka harusi yake iishe kabla Ramadhani haijaandama, na simu hazitulii. Hina ya mikono na miguu ni kazi ya saa nyingi. Ukiwa na biharusi asubuhi, mwengine baada ya Adhuhuri na mwengine usiku, pesa zinaingia, alhamdulillah, lakini watoto wanarudi chuoni hawamkuti mama.

Dini yetu haikutukataza kuchuma. Bi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuolewa na Mtume (s.a.w.), na pato la mke ni lake, matunzo ni juu ya mume. Lakini tunakumbuka pia kisa cha Salmaan na Abu Dardaa. Abu Dardaa alizama kwenye funga na sala za usiku hadi mkewe akawa kama hana mume, na Salmaan akamkumbusha kuwa nafsi na watu wa nyumbani nao wana haki zao. Ikiwa ibada ya sunna ina kipimo, seuze hina?

Kwa hiyo mwaka huu tumekubaliana: biharusi mmoja kwa siku, wawili wakiwa wa mtaa mmoja. Miadi tunaipanga kwa sala: "tutakuja baada ya Alasiri," tukiwa tumeshasali. Baada ya Isha simu inalala.

Hasara ipo, tusidanganyane. Wateja wengine wamekwenda kwengine, na mahitaji ya skuli hayangoji. Kinachotusaidia ni kupokea arbuni mapema, ili anayeghairi asituache mikono mitupu.

Na wewe biharusi unayefanya kazi, hospitali, skuli au hotelini, yaseme haya kabla ya nikaha: zamu zako, siku zako za mapumziko, nani atabaki na mtoto. Mwambie mwenyewe, na walii wako ajue. Zamu ya usiku si jambo la mume kuligundua baada ya fungate.

Mwenyezi Mungu atie baraka katika riziki zetu na katika saa zetu. Amin.